Nyumba ya Mfanyakazi wa Karanga Ilikuwa ya Nani? Kisa cha Kongwa, 1947–1951

Kisa hiki huwa nakipeleka darasani kwa vijana wanaosomea maendeleo ya jamii, na nakipenda kwa sababu kila mmoja anadhani anakijua. Ukitaja tu Mpango wa Karanga wa Kongwa, vicheko vinaanza: vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, udongo uliokauka ukawa kama saruji, na karanga ambazo hazikuonekana. Yote hayo ni kweli, lakini si ninachowauliza. Nawauliza hivi: mwanamume aliyetoka Mvumi au Kondoa mwaka 1947 kwenda kung'oa visiki Kongwa, alilala wapi? Mkewe alikula nini? Mtoto akishikwa na homa, alipelekwa kwa nani? Na kazi ilipokwisha, nani alibaki na wajibu juu yake?

Hapo darasa hutulia. Kisha mmoja hujibu "serikali", mwingine "misheni", na wa nyuma kabisa hunong'ona "ukoo". Wote watatu wana haki kidogo, ndiyo maana kisa hiki kina faida.

Mpango wenyewe

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na watu wake walikuwa bado wanapewa majarini kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, wakatumwa kukagua. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa angani. Wakarudi na hesabu ya ekari 3,210,000 zigawanywe katika mashamba 107, kila shamba ekari 30,000, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25.

Kongwa, wakati huo ikiwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa, ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Reli ya tawi ikatolewa Msagali. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1948 kampuni ikakabidhi kazi kwa shirika la umma la chakula lililoundwa na bunge la London. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba imeachana na mpango. Hasara iliyofutwa vitabuni ilifika kama pauni milioni 36.

Ili msomaji apate kipimo: sheria ya mwaka 1945 ya maendeleo na ustawi wa makoloni ilitenga pauni milioni 120 kwa makoloni yote ya Uingereza, kwa miaka kumi. Humo ndimo zilimotakiwa kutoka fedha za visima, shule, zahanati na nyumba, kuanzia visiwa vya Karibi hadi Pasifiki. Karanga peke yake zilikula kiasi kinachokaribia theluthi ya fedha hizo. Kwa hiyo anayesema hapakuwa na fedha za ustawi, mimi humrudisha kwenye namba hizi mbili, kisha tunaendelea.

Kabla ya matrekta, nani alikuwa anatunza nani

Hapa sitapita haraka, maana wengi hukichambua kisa hiki kana kwamba Ugogo, nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, ilikuwa tupu kabla ya 1947.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na kanuni moja kuu: kila koloni lijitegemee kwa kodi zake. Katika hali hiyo ustawi wa Mwafrika haukuwa kifungu cha bajeti. Ulihesabiwa kuwa kazi ya "kabila". Mzee, yatima, mjane na kiwete walidhaniwa tayari wana pa kuegemea, na tangu utawala wa kupitia watemi ulipoanzishwa miaka ya 1920, imani hiyo ikapata hata ofisi na hazina zake ndogo. Serikali iliingia yenyewe pale tu ilipoogopa, na mara nyingi iliogopa vitu vitatu: vurugu, maradhi ya kuambukiza, na njaa ya kumaliza walipa kodi.

Mfano mzuri uko Dodoma mjini. Enzi za Wajerumani wagonjwa wa akili walitunzwa na wamisionari kule Lutindi, milima ya Usambara. Waingereza ndio walioamua kujenga hospitali ya serikali Dodoma mwaka 1927, ile tunayoiita Mirembe. Kwa nini wagonjwa wa akili wapate jengo la serikali, na mjane wa Bahi asipate hata debe la mtama? Kwa sababu mgonjwa wa akili alikuwa pia suala la polisi na mahakama, na mjane hakuwa suala la yeyote zaidi ya shemeji zake.

Upande wa njaa, wazee wa Ugogo wana neno moja linalotosha: Mtunya. Hiyo ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita yakichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua nayo ikagoma. Maofisa wa Kiingereza wenyewe walikadiria kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa. Aliyekulia Ugogo miaka ya 1940 alikuwa ametunzwa na watu waliopita katika moto huo, na walichojifunza ni kwamba chakula cha serikali huja kimechelewa kama kinakuja.

Kulikuwa na misheni pia. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari kutoka Uingereza, walikuwa na kituo Mpwapwa tangu 1878, wakaenea Kongwa, Mvumi na Buigiri. Kabla ya vita vya kwanza Kongwa tayari palikuwa na chuo cha kufundisha walimu wa dini. Mwaka 1927 ikaundwa dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya askofu George Chambers, aliyetoka Australia na kuja na manesi na walimu wa huko. Mara nyingi kazi yao huitwa ya hiari, na ndivyo ilivyokuwa kwa upande wa moyo. Kwa upande wa fedha, tangu katikati ya miaka ya 1920 serikali ilikuwa inatoa ruzuku kwa shule za misheni zilizokubali mtaala na ukaguzi wake. Kwa hiyo mstari kati ya "serikali" na "hiari" ulikuwa umeshafifia miaka ishirini kabla ya trekta la kwanza kuteremka Msagali. Serikali ilikuwa inanunua ustawi wa bei nafuu, na misheni ilikuwa inapata shule zaidi ya sadaka zake. Hakuna aliyedanganywa, ila mtoto asiyebatizwa huenda alikuwa na maoni yake.

Nyumba iliyofuata kazi

Sasa tumchukue mtu wetu, tusimpe jina. Ana miaka kama ishirini na mitano, ana mke, watoto wawili, na ng'ombe wachache aliowekeza kwa ndugu wa mbali, kama Wagogo wafanyavyo ili ukame wa upande mmoja usimalize zizi lote. Nyumbani kwake ni tembe: kuta za miti na udongo, paa la udongo lililolala sawasawa, ua katikati, ng'ombe ndani. Mzungu wa afya akiiona anakunja uso, na ana sababu moja ya kweli. Katika nyufa za sakafu ya tembe hukaa papasi, wadudu wa jamii ya kupe, na papasi huleta homa ya vipindi inayoua watoto wachanga na kuharibu mimba. Lakini tembe ina jambo moja ambalo nyumba yoyote ya mwajiri haina: hakuna mtu wa kumwambia atoke kesho.

Akifika Kongwa, mtu huyu anapewa mahali pa kulala kambini. Hata Wazungu wenyewe walianza kwenye mahema. Tofauti ni kwamba wao walitoka kwenye hema wakapandishwa nyumba, na nyumba zao zikawa mtaa. Mwafrika alihesabiwa kama mtu mmoja. Hili ni jambo kubwa kuliko ubora wa ukuta. Katika Tanganyika yote ya wakati huo mshahara wa kibarua ulipigiwa hesabu ya mwanamume asiye na familia: posho yake, nguo zake, kodi ya kichwa. Kitanda nacho kilipigiwa hesabu hiyo hiyo. Mke na watoto walihesabiwa kuwa wako "nyumbani", na nyumbani palihesabiwa kuwa panajilisha.

Karatasi za mpango zilisema vingine. Wakefield na wenzake waliwazia vijiji vya wafanyakazi wenye familia, zahanati, shule, na siku moja mashamba yakabidhiwe ushirika wa Waafrika wenyewe. Mimi sidhani waliandika hayo kwa hila. Ila kwenye ratiba yao trekta lilikuwa la kwanza na kijiji cha mwisho, na katika mpango unaochelewa, kinachokatwa ni kile kilichowekwa mwisho. Meli zilikwama bandarini Dar es Salaam, mashine kuukuu za jeshi zikaharibika, mibuyu ikakataa kung'oka, na kila shilingi iliyobaki ikakimbilia visiki.

Ni nani angeweza kulipinga hilo? Shirika lilijibu kwa waziri wa chakula John Strachey, London, ambaye hesabu yake ilikuwa tani za mafuta. Gavana wa Tanganyika alijibu kwa waziri wa makoloni, mtu mwingine, ofisi nyingine. Bwana Shauri wa Mpwapwa, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, alikuwa na amani ya wilaya, kodi na kesi za ardhi. Idara ya ustawi ilikuwa changa, imeanzishwa baada ya vita, akili yake ikiwa kwa askari waliorudi kutoka Burma na kwa vituo vya mijini vyenye redio, magazeti na madarasa ya jioni. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kudhani kambi ya Kongwa ni ya mwenzake. Wanafunzi wangu hutafuta mhalifu katika kisa hiki, na huwa nawasumbua kidogo kwa kuwaambia wachore mchoro wa nani anaripoti kwa nani, kisha wanionyeshe mstari unaofika kwenye kitanda cha mtu wetu. Hakuna anayeuchora.

Jambo hili linaonekana pia Dodoma mjini, ingawa kwa sura nyingine. Majina ya Uzunguni na Uhindini bado tunayatumia bila kufikiri. Mji ulipangwa kwa kanda za ujenzi, na kiwango cha ukuta, cha choo na cha nafasi kati ya nyumba kilifuata rangi ya mkaaji. Upande wa Waafrika serikali iligawa viwanja na kusema jengeni, au haikusema kitu. Nyumba bora ilikuwa ama marupurupu ya kazi, ama mali ya mwenye mtaji. Hapakuwa na njia ya tatu.

Mgomo

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukasafiri kwa reli ya kati kama abiria mwingine. Mwaka haukuisha kabla wafanyakazi wa Kongwa nao hawajaweka zana chini. Neno lililovuma lilikuwa mshahara, kwa kuwa bei za vitu zilikuwa zimepanda na fedha ya mwezi haikutosha mtu anayekula dukani.

Mimi huutazama mgomo huo kama waraka wa ustawi ulioandikwa na wenye shida wenyewe. Mtu anayeomba mshahara wa kulisha watu watano anakataa kuhesabiwa kama mtu mmoja.

Hesabu isiyoandikwa popote

Basi, nani alijaza pengo? Turudi kwenye tembe.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Zikidondoka, kila mkono unahitajika shambani, na vibarua wengi walitoka kambini kurudi kupanda uwele na mtama. Katika vitabu vya waajiri wa kikoloni kitendo hicho kiliitwa utoro, au uvivu ikiwa mwandishi alikuwa na hasira. Ukikitazama kutoka jikoni, ni bima. Mtu aliyeacha mshahara kwa wiki kadhaa alikuwa analipia chakula cha mwaka mzima cha watu ambao mshahara haukuwatambua.

Asiyeweza kurudi aliachia kazi hiyo wanawake. Mama na mkwe walilima, walichunga kile ambacho kingechungwa na kijana aliye Kongwa, walikausha mlenda, na mwaka ukiwa mbaya walifunga safari ya kuhemea, yaani kwenda kwa ndugu au watani wa mbali kutafuta nafaka kwa kazi, kwa ng'ombe au kwa kuomba. Kibarua akivunjika mguu kambini, hospitali ya shirika ingemfunga plasta. Miezi ya kulala bila kazi baada ya hapo ingekuwa ya tembe. Akizeeka, vivyo hivyo.

Kwa hiyo mshahara wa Kongwa ulikuwa na mchangiaji wa siri. Kila shilingi ambayo shirika halikulipa kwa ajili ya mke, mtoto, uzee na maradhi, ililipwa na bibi mwenye jembe. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na sina ugomvi nao. Ila kazi ya bibi huyu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizoitwa za hiari katika kisa hiki, na hakuna aliyemwuliza kama ana hiari nayo. Wasomi wa ustawi wanapopanga safu mbili, serikali huku na mashirika ya kujitolea kule, yeye hana safu.

Najua pingamizi litakalokuja: ukoo haukuwa malaika. Ni kweli. Mjane aliweza kunyang'anywa ng'ombe, mtoto wa nje aliweza kulala njaa, na tembe iliyokaribisha kila mtu ilikaribisha na papasi. Sisemi serikali ilipaswa kuuacha ukoo ufanye kazi yake. Nasema iliutumia bila kuulipa, kisha ikauandika kuwa mila.

Misheni ilifanya nini, na haikufanya nini

Misheni haikujenga nyumba za vibarua, na haikuwa na uwezo huo. Ilichokuwa nacho ni kukaa. Hospitali ya Mvumi ilikuwa ikipokea wagonjwa kabla ya karanga na ikaendelea kuwapokea baada yake. Mwaka 1950, wakati Kongwa inahesabu hasara, kanisa lilifungua Buigiri shule ya wasioona, ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Si mbali sana na mashamba yale, na ipo hadi leo.

Ukiilinganisha misheni na mpango wa karanga usifanye haraka ya kushangilia. Shule ya wasioona ilichukua watoto wachache kutoka nchi kubwa, na asiyeona ambaye hakuchukuliwa hakuwa na pa kukata rufaa. Mtoaji wa hiari huchagua nani amsaidie, na ana haki hiyo. Serikali haina. Huo ndio ugumu wa kumwachia mmisionari kazi ya serikali: hata akiifanya vizuri sana, anabaki mtu anayetoa, na wewe unabaki mtu anayeomba.

Baada ya Januari 1951

Mashine ziliuzwa au ziliachwa. Sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe, ambalo kwa Mgogo yeyote lilikuwa wazo la siku ya kwanza. Majengo ya Kongwa yakatumika kwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu hadi 1958. Chuo cha mafundi wa mpango kilichokuwa Ifunda, Iringa, katika kambi iliyowahi kuhifadhi wakimbizi wa Kipoland, kikageuzwa shule ya ufundi ya serikali, na madereva na mafundi waliofunzwa wakati wa karanga wakaenda na ujuzi wao kokote walikopata gari bovu. Hilo ndilo fungu la ustawi lililobaki mikononi mwa Mwafrika, na lilibaki kwa sababu lilikuwa kichwani mwake, halikuwa na funguo za kurudisha ofisini.

Mtu wetu alirudi kwenye tembe. Hakuwa na kiinua mgongo wala nyumba. Ng'ombe aliowekeza kwa ndugu walikuwa wamezaa.

Wanafunzi hudhani kisa kinaishia hapo. Huwa nawaongezea ukurasa mmoja. Mwaka 1964 majengo yaliyoachwa Kongwa, jirani na stesheni iliyokufa, yakapata wakaaji wapya: wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, na baadaye wa SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na vyama vingine. Safari hii mwenyeji alikuwa serikali ya Tanzania huru, na msaada ulipitia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapiganaji walipewa chakula, sare na mahali pa kulala. Walikuwa vijana, na kijijini kulikuwa na wasichana. Watoto wakazaliwa. Wapiganaji walipohamishwa kwenda kambi nyingine au kurudi makwao, wapo watoto waliobaki Kongwa, wakalelewa na mama zao na bibi zao.

Hapo huwa nawagawia karatasi tupu na kuwaomba wachore tena ule mchoro wa nani anaripoti kwa nani.